Pakiti Nne za Unga Uwanjani

Kazi yangu ilikuwa ukedi: kubeba mfuko wa mchezaji wa gofu na kumshauri apige vipi. Nilikuwa nikikaa Kisumu Ndogo, Kibera, na uwanja ulikuwa ng'ambo tu ya ua.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Mjapani wa makamo, aliyezunguka dunia akiuza vipuri vya mitambo. Kila baada ya miezi michache alitua Nairobi. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, pamoja na Kiswahili nilichomfundisha. Aliniambia kwamba Uskoti watu hucheza kwenye mvua kana kwamba hawaioni. Yeye naye, akimaliza shimo la mwisho, alivua kofia akauinamia uwanja. Makedi wenzangu walimcheka. Mimi nilizoea, nikawa nainama pamoja naye.

Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilimkuta hotelini mjini, mikutano yake yote imefutwa. Akanipigia simu.

"Rafiki, uko salama?"

"Niko mzima. Lakini maduka yamechomwa. Hatuna hata unga."

"Unga ni nini?"

"Wa kupika ugali. Chakula."

Siku mbili tatu baadaye palitulia kidogo, uwanja ukafunguliwa, naye akaniita. Nilipouinua mfuko wake, bega lilizama.

"Leo umebeba mawe?"

Akafungua zipu. Mahali pa mipira palikuwa na pakiti nne za unga wa mahindi.

"Dukani nilisahau jina," akasema. "Nikafanya hivi." Akazungusha mikono kama mtu anayesonga ugali. "Wote wakaelewa."

Kibanda cha makedi kilikuwa bado kimefungwa, kwa hiyo nikazunguka na unga begani. Tulikuwa peke yetu. Upande wa kwetu moshi ulikuwa ukipanda. Kwenye shimo la sita akauliza, "Nyumba yako ni wapi?"

Nikamwonyesha mabati nyuma ya ua. Miaka yote hiyo alikuwa akicheza kando yake. Akakaa kwenye nyasi, fimbo ya gofu mapajani.

"Mama yangu alikuwa kedi," akasema.

"Japani?"

"Ndiyo. Kule makedi wengi ni akina mama. Alinisomesha kwa kazi hiyo. Lakini mkali! Akikwambia chukua fimbo namba saba, ukachukua sita, hasemi nawe tena."

Nikacheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka tangu kura zihesabiwe.

Nyumbani, mke wangu alizitazama zile pakiti, akachukua mbili na kumpelekea jirani yetu, fundi cherehani kutoka Kitui, aliyekuwa amejifungia ndani na wanawe kwa hofu, maana watu wa kabila lake walikuwa wakishambuliwa mtaani kwetu. Jioni ile nyumba zote mbili zilinukia ugali.

Mambo yalipopoa, katikati ya mwaka 2008, Mjapani alirudi, nikamkaribisha chakula cha mchana. Mlangoni akavua viatu.

"Mwambie avae, sakafu ni baridi," mke wangu akaninong'oneza.

"Nimemwambia. Amekataa. Kwao ni heshima."

Basi mke wangu akamletea ndala zake mwenyewe, za rangi ya waridi. Visigino vya mgeni vikabaki nje. Akaketi hivyo hivyo, akala kwa mkono ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, na sahani ilipoisha akamwinamia mke wangu, akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Mama, ongeza."