Mchambua Pamba Atafuta Kitabu cha Mwanza

Prrr, kurasa zilipita chini ya kidole gumba chake, zikasimama, zikarudi. Sauti hiyo ninayo bado. Alikuwa mama wa makamo, mchambua pamba kutoka Kasoli, na siku hiyo alikuja dukani kwa Masalu, hapa Bariadi mjini, kuchagua kitabu cha kumwongoza Mwanza. Alikaa, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi. Vidole vyake viliokota kwenye majalada kitu tusichokiona, kama vinavyookota majani makavu kwenye pamba. Kila ramani aliyoifunua alitafuta kwanza Bugando, akaigusa hospitali kwa ukucha, akakifunga kitabu.

“Mayu,” Masalu alimtania, akimwita mama kwa Kisukuma, “safi na fifi umeshatenga, kama pamba ya daraja la kwanza na la pili. Chukua kimoja, nisije nikakufungia humu ndani!”

“Subiri, baba. Hiki kina hospitali. Na hiki hospitali.”

“Kwani nani anaumwa?”

Alivuta kitabu kingine. Huku kwetu mtu haendi jijini hivihivi. Humpeleka mgonjwa, au hufuata maiti, na nyumbani kwake walishaanza kumuuliza kuna msiba gani. Mwanza aliyoijua ni ile inayoonekana kwenye dirisha la wodi. Alifungua kitabu chembamba chenye picha ya mawe ziwani, akakifunga, akakifungua tena, kisha akakikumbatia kifuani. Aligeuka kutazama mlango kama anayeogopa kusikika, kisha akainama juu ya meza ya Masalu.

“Hakuna anayeumwa, baba,” alinong’ona. “Nataka nikatembee tu.”