Sauti Namba Nne

Chumba cha kusikilizia kilikuwa stoo ya mashuka kabla hakijawa darasa, na rafu za mbao bado zipo, ila sasa zimebeba vitabu vya koo na ulimi. Ukutani wamebandika vipande vya godoro ili kelele za korido zisipenye. Feni ipo, lakini haiwashwi wakati wa kusikiliza. Kwa hiyo wanafunzi husikiliza sauti za wagonjwa huku jasho likiwatiririka mgongoni, na wanapotoka humo ungedhani walikuwa wanapakua saruji.

Mwalimu wao wanamwita Mama Aaa. Hawamwiti hivyo mbele yake, ingawa anajua tangu zamani. Jina limetokana na kazi: yeyote anayeketi mbele yake, awe mwimbaji aliyekaukiwa sauti au mzee aliyepooza upande mmoja, kwanza huambiwa avute pumzi na kutoa "aaa" mpaka imwishie. Hospitali ile ina mtu mmoja tu wa tiba ya usemi na sauti, naye ni yeye. Chuo kilichobanwa nyuma ya hospitali kina kozi moja ya fani hiyo, na mwalimu wake ni yeye huyohuyo. Asubuhi anatibu, mchana anafundisha, na katikati, wenzake wakila, anafanya utafiti. Mwaka huo bodi ya chuo ilikuwa imeshasema wazi: darasa hili lisipofanya mtihani wa mwisho wa muhula, kozi inafungwa, na chumba kinarudi kuwa stoo.

Somo la siku hiyo lilikuwa jaribio la masikio. Utaratibu wake aliubuni mwenyewe, baada ya kuchoshwa na wanafunzi wanaochungulia majibu ya jirani. Wote hufumba macho. Kwenye mashine, yeye hucheza rekodi ya "aaa" ya mtu mmoja, na kila mwanafunzi huinua mkono. Ngumi maana yake sauti nzima. Kidole kimoja, kuna kasoro kidogo. Viwili, mgonjwa. Vitatu, mgonjwa hasa. Mwenye macho wazi ni mwalimu peke yake.

Sauti tatu za kwanza zilipita vizuri. Ya nne ndiyo ilikuwa sauti nzima. Kila mwaka huwekwa moja katikati ya wagonjwa, maana sikio linalosikiliza maradhi tu huanza kuyasikia hata yasipokuwapo. Na kila mwaka sauti hiyo huwa ni yake. Watu wazima wa afya hawana muda wa kuja hospitali kutoa "aaa", na wauguzi akiwaomba hucheka mpaka rekodi inaharibika. Basi yeye hufunga mlango, hujirekodi, na kuichanganya na nyingine. Hajawahi kumwambia mtu. "Aaa" haina jina wala lafudhi. Hata mume anaweza asiitambue ya mkewe.

Aliicheza, akainua macho akingoja ngumi.

Vidole vikapanda. Viwili, viwili, kimoja, viwili. Mkono wa mbele kabisa ulisimama na vitatu.

Akadhani amebonyeza namba isiyo yake. Akaangalia mashine: namba nne. Akairudia. Vidole vilevile, na kile kimoja kikaongezwa kuwa viwili.

"Fumbueni macho," alisema. "Nani kaweka vitatu?"

"Mimi, mwalimu." Alikuwa ni Kipaza, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kutafutwa; akiwa jengo lolote, anasikika.

"Kwa nini vitatu?"

"Huyu mama kaungua koo, mwalimu. Mkwaruzo upo, pumzi inavuja, halafu mwishoni inakatika kama redio yenye betri kuukuu."

"Umejuaje ni mama?"

"Mama huyo. Tena anauza mitumba, anaita wateja kutwa nzima."

"Mitumba wapi!" alidakia jamaa wa nyuma, mtu mzima kuliko wote, ambaye aliwahi kuhubiri na mpaka leo wanamwita Mchungaji. "Huyo ni mwalimu wa shule ya msingi. Watoto mia, chumba kimoja, na bati linanyeshewa."

"Au ana mume kiziwi."

"Basi mume ndiye atibiwe!"

Darasa likaangua kicheko. Mama Aaa alitaka kuwaambia kuwa wote wamekosea, kwamba jibu lilikuwa ngumi. Neno lilifika kooni likanasa, akajikohoza.

"Maji! Maji! Maji!" Walipiga meza kwa viganja. Hiyo nayo ilikuwa sheria yake: kujikohoza ni kugonganisha nyuzi za sauti, na anayejikohoza darasani anakunywa glasi nzima ya maji mbele ya wote. Akanywa. Yalikuwa ya vuguvugu, na yalishuka taratibu mno.

"Namba nne tutairudia kesho," alisema.

"Jibu je, mwalimu?"

"Nimesema kesho."

Walipoondoka aliwasha feni, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Kwenye mashine kulikuwa na "aaa" zake zote, tangu mwaka aliporudi kutoka masomoni, ng'ambo, alikosomea kazi hii kwa lugha ambayo haikuwa na neno hata moja la namna watu wa kwao wanavyougua. Kule kulikuwa na maneno ya kitabu. Huku mgonjwa huja akisema sauti yangu imeingia mchanga, imefunga, imenikimbia, imebaki ya jirani. Ilimchukua miaka kuyapanga maneno hayo mpaka yakafundishika: mkwaruzo, pumzi, unyonge, mkazo. Alijivunia hilo kuliko cheti chochote.

Akacheza ya kwanza. Ilitoka imenyooka, kama uzi uliovutwa kutoka kwenye kibiringo. Akacheza ya mwaka huu. Hakuhitaji kuimaliza. Mkwaruzo, pumzi, unyonge, mkazo: vyote vinne vilikuwamo. Angekuwa mmoja wao, naye angeweka vidole viwili. Labda angefika vitatu.

Kilichomchosha zaidi ni kwamba hakushangaa. Jioni sauti humwishia, jambo analojua. Amekuwa akisema ni vumbi. Siku mbili tatu alinong'ona ili kuipumzisha, yeye ambaye hufundisha kila muhula kwamba kunong'ona hakumpumzishi mtu, kunamkaba. Kwa miaka mingi alizunguka shule za msingi na kinasa sauti begani, akifanya utafiti wa makoo ya walimu, akiwaambia wanywe maji, wasipige kelele, wapumzike. Mwalimu mmoja mkongwe alimtazama akamuuliza, "Dada yangu, nikipumzisha sauti, watoto niwafundishe kwa miguu?" Alicheka sana. Mpaka leo hulisimulia swali hilo darasani kama kichekesho.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa anafunga ofisi. Walikuwa wamezoeana kama ndugu waliolelewa na shangazi mmoja mkali.

"Dada, leo umekuja kama mwalimu au kama koo?"

"Kama koo."

Hapo akaacha utani. Alimketisha, akampitishia kamera puani, na wote wawili wakatazama kioo cha kompyuta. Mama Aaa ameona makoo kuliko nyuso. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama la kwake na kutamani kugeuza uso. Ukingoni mwa kila uzi kulikuwa na kinundu kigumu, kama sugu ya mshika jembe. Hivyo alivitarajia. Asichokitarajia kilikuwa juu ya uzi wa kulia: doa jekundu, limetanda.

"Kamshipa kamepasuka," alisema daktari. "Umepiga kelele lini?"

"Kila siku. Mama yangu nyumbani hasikii."

"Na kile kifaa cha kusikia nilichompa?"

"Kimo kabatini. Anasema kinapiga mluzi. Anasema ni mdudu."

Daktari alifuta kamera polepole. "Haya, niambie unachowaambia wanafunzi. Damu kwenye uzi, tunafanyaje?"

"Kunyamaza kabisa. Hakuna kunong'ona."

"Na asiponyamaza?"

"Kovu."

"Na kovu?"

"Halina mazoezi," alisema Mama Aaa. Sentensi hiyo aliitunga yeye, na wanafunzi huinakili kila mwaka.

"Basi unaanza sasa hivi, mpaka nikuone wiki ijayo. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya vinundu."

"Mtihani umekaribia, daktari. Hawajamaliza. Bodi inasubiri sababu tu. Nikinyamaza, darasa nilifundishe kwa..." Akaishia hapo. Alikisikia alichotaka kusema, na safari hii hakukiona kuwa cha kuchekesha.

"Kwa kitu gani?" aliuliza daktari.

Alitikisa kichwa. Kimya chake kilianzia hapo, kabla hajakiamua.

Nyumbani mama yake alikuwa sebuleni, mikono mapajani, televisheni inaonyesha taarifa bila sauti. Kwake yeye sauti ilikuwa ni kupoteza umeme bure. Binti aliingia, akainama, akamshika mikono kumwamkia bila kusema neno.

"Marahaba," alisema mama kwa mazoea. Kisha akangoja. Kwa kawaida ndipo zilipoanza zile kelele: MAMA UMEKULA? UMEMEZA DAWA? Kelele ambazo jirani wa ukuta wa pili alishazoea kuzijibu: "Amekula, nimemwona!"

Leo kimya. Binti alionyesha mdomo, akafanya ishara ya kijiko.

"Sema kwa nguvu, mwanangu, unaongea kama unasali."

Ishara ya kijiko tena.

Mama alimtazama midomo iliyofichwa na ule mkono wa kijiko, akaugeukia ukuta wa jirani, nako kimya. Uso wake ukabadilika taratibu. Alishika sikio moja, kisha la pili, akalipiga kidogo kwa kiganja kama mtu aliyetoka kuoga.

"Yameziba," alisema. "Yamekwisha sasa. Hata wewe sikusikii kabisa."

Binti alikimbilia kumkatalia kwa mikono, lakini kikongwe alikwishanyanyuka. Alikwenda kabatini, akapekua chini ya khanga, akatoka na kiboksi kidogo. Alikipachika kile kifaa sikioni. Kililia mluzi. Akakisukuma, kikatulia.

Alisimama katikati ya chumba. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha maji.

"Ni nini hicho?"

Binti alionyesha jikoni.

"Na hicho? Tik, tik?"

Saa ya ukutani.

"Nyumba hii ina fujo," alisema mama. Akaketi, akajipanga, akamtegea binti yake sikio kwa heshima zote. "Haya. Sasa sema."

Binti aligusa koo lake, akapishanisha vidole viwili mdomoni kuonyesha mlango uliofungwa.

"Huwezi kusema?"

Akatikisa kichwa.

"Yaani nimeweka mdudu huyu sikioni, halafu wewe ndiyo umenyamaza?"

Walitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kilimtisha mwenyewe kilipomrudia sikioni. Binti alicheka kwa mabega tu. Kisha aliketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama yake, na uchovu ambao kwa miaka alikuwa anausukuma kwa sauti ukamshukia wote.

"Tangu lini koo linauma?" aliuliza mama. Na bila kungoja jibu: "Ni mimi, eh? Ni haya makelele." Mama hakukitoa kile kifaa mpaka alipokwenda kulala.

Asubuhi Mama Aaa aliingia darasani, akazima feni, akaandika ubaoni: Leo siongei. Ni amri ya daktari. Kisha akampa Kipaza chaki, akamwonyesha mashine, na yeye akaenda kukaa kwenye kiti cha Kipaza.

"Mimi, mwalimu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Haya jamani," alisema Kipaza, na kwa mara ya kwanza alijaribu kushusha sauti. "Fumbeni macho. Tunarudia namba nne."

Mama Aaa alifumba yake. Gizani sauti ilikuja: imekwaruzika, inavuja, inajikaza kufika mwisho na haifiki. Aliisikiliza kama angemsikiliza mama yeyote aliyeketi mbele yake na mkoba mapajani. Mkono wake ulikuwa mzito. Aliuinua na vidole vitatu.

Sasa Kipaza ndiye aliyekuwa na macho wazi. Alitazama vile vidole, akatazama maneno ubaoni, akavitazama tena vidole.

"Fumbueni," alisema hatimaye. "Sote tumepata. Sasa tumtibu. Mchungaji, namba nne tunaanzaje?"

"Kwanza anyamaze."

"Na kazi zake nani atafanya?"

"Zigawanywe," alisema Mchungaji. "Hana watu?"

"Anao," alisema Kipaza. "Nani anachukua somo la kigugumizi? Nani la kumeza? Mimi nachukua hili. Tutasoma, tutaulizana, akiona tumekosea atapiga meza. Mtihani tutaufanya."

Mikono iliinuka, mmoja mmoja, mingine kwa kusitasita. Wengine bado hawakuwa wameelewa ni mgonjwa gani anayezungumziwa. Mama Aaa aliona pale pale kwamba somo la kumeza limeangukia kwa mtu asiyeliweza. Alifungua mdomo amrekebishe.

Kipaza alimsogezea glasi ya maji.

Akafunga mdomo, akainywa yote.