Kasha la Binti Yangu

Likizo moja ya Agosti, mwanzoni mwa miaka ya themanini, niliwaita vijana wa Malindi waliokuwa wakisoma vyuoni waje wazungumze na wadogo zao wa sekondari. Tulikutana baada ya sala ya alasiri katika madrasa niliyokuwa nikisomesha. Wavulana walikaa mbele kwenye mikeka, wasichana nyuma ya pazia, na sisi wazee tukaegemea ukuta. Swali nililitunga mwenyewe: lau ungerudishwa kidato cha pili leo, ungejiambia nini?

Nilitaraji nasaha nilizozizoea: sali kwa wakati, soma kwa bidii, chagua marafiki wema.

Wa kwanza kusimama alikuwa kijana wa Sabaki aliyekuwa akisomea uhandisi Nairobi. "Ningemwambia yule mtoto ajifunze kufua," alisema. "Mama alinifulia mpaka kidato cha sita. Wiki ya kwanza chuoni nililitia shati jeupe ndoo moja na kikoi chekundu. Mpaka leo wananiita Bwana Waridi."

"Na kupika je?" mvulana mmoja akamchokoza.

"Kupika nakuachia wewe. Mdomo wako una moto wa kutosha."

Wakacheka, na sisi wazee tukacheka. Akafuata mwingine, wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo, akasema angejikataza kutoroka darasani kwenda pwani kuzungumza na watalii. "Kiitaliano nilikijua," alisema, "lakini hisabati haikunijua."

Kisha ikaja sauti kutoka nyuma ya pazia. Nilijua ni ya nani kabla hajamaliza kusalimu. Alikuwa binti yangu mkubwa, mwaka wa pili katika chuo cha ualimu.

"Mimi ningemwambia yule msichana asiache karatasi nyeupe," alisema.

"Karatasi gani?" akaulizwa.

"Ya mtihani wa kidato cha nne. Hisabati na fizikia. Nilijibu nusu, nusu nikaiacha kwa makusudi. Majibu nilikuwa nayajua."

Mzee aliyekaa kando yangu alinitazama, kisha akatazama mkeka. Mimi nilikuwa na tasbihi mkononi, na kidole kilisimama kwenye punje moja.

Akaendelea kwa utulivu, kama anayesomesha. "Nyumbani lilikuwa limeletwa kasha. Mama akaanza kutia leso na vikombe. Nikajua nimeshaposwa. Nikafikiri, nikifaulu nikaitwa kidato cha tano huko bara, baba atalazimika kukataa mbele za watu. Jirani yetu yalimfika hayo, nyote mnakumbuka. Sikutaka yamfike baba."

Tulikuwa tunakumbuka. Jirani yetu alimkatalia binti yake shule kwa sababu ya posa, mwalimu mkuu akaja mpaka mlangoni pake, wakatupiana maneno, na kwa miezi yule mtu hakuweza kukaa barazani bila kusemwa.

"Basi nikamjibia baba swali ambalo hakuulizwa," binti yangu alimaliza. "Ningemwambia yule msichana amuulize babake. Ni hilo tu."

Sijui aliyefuata alisema nini. Nilikuwa nikiliona lile kasha.

Nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya shule. Niliambiwa kwamba mtoto wa bweni lazima awe na sanduku lenye kufuli, na mimi sanduku nililolijua ni moja, lile waliloondoka nalo dada zangu walipoolewa: la mvule, lenye misumari ya shaba. Sikujua kwamba shule hutaka sanduku la bati. Nikalitengenezesha kwa fundi, likaletwa kwa mkokoteni, mtaa mzima ukaliona. Mke wangu nilimwambia, "Anza kumtilia mwanao vitu vyake." Sikuongeza neno, nikidhani limetosha.

Matokeo yalipotoka na jina lake halikuwa miongoni mwa walioitwa, nilimwambia ni kadari ya Mwenyezi Mungu, ashukuru na asubiri. Alilia sana siku ile. Nilidhani analilia matokeo.

Nilirudi nyumbani na viatu vyangu mkononi, sikukumbuka hata kuvivaa. Mke wangu alikuwa ukumbini akipepeta mchele.

"Lile kasha la mwanao," nikamwuliza, "ulidhani ni la nini?"

"La arusi, Maalim. Kasha huwa la nini?"

"Arusi na nani?"

"Nilikuwa nikingoja uniambie. Kisha nikaona kimya, nikasema huyo mume amejitoa. Nikaona nisikuulize nikakutia aibu."

"Hapakuwa na mume. Lilikuwa la shule."

Ungo ukatulia mapajani mwake. "Na vile vikombe vya kahawa," alisema, "alikuwa aende akamnyweshe nani huko shule?" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio, na mimi nikakaa chini papo hapo.

Binti yangu aliingia, akavua buibui, akatukuta vile. Mamake akamweleza. Alishika mlango. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa kwa maji baridi.

"Mwanangu," nikasema, "kwa nini hukuniuliza?"

"Tangu lini tunakuuliza, baba?"

Hakulisema kwa utovu wa adabu. Ndivyo tulivyoishi. Jambo la binti lilifika kwa baba kupitia kwa mama, au kwa shangazi. Sisi jambo hilo tuliliita haya, na mpaka leo naipenda haya katika nyumba. Lakini sikuwa nimejua kwamba ndani ya haya ile, mtoto wangu aliyetaka kuwa daktari alikaa na kalamu mkononi, majibu kichwani, akanihurumia. Leo ni mwalimu mwenye kupendwa na wanafunzi wake, na namshukuru Mungu kwa hilo kila nikisujudu. Mshtuko wa jioni ile haujanitoka.

Mdogo wake alikuwa uani akikuna nazi, na mlango ulikuwa wazi. Alikuwa kidato cha nne, mtihani wake umekaribia. Mlio wa mbuzi ya nazi ulikuwa umenyamaza kitambo. Akaja akasimama nyuma ya dada yake, mikono imejaa nazi.

"Baba, nikiitwa, nitakwenda?"

Mamake alifungua kinywa amjibie, kama desturi. Nikainua mkono.

"Utakwenda."

"Hata ikiwa bara, kwenye baridi?"

"Hata huko."

"Na ikija posa?"

"Posa itangoja."

"Sema tena, baba," dada yake akasema. "Mama yuko hapa, asikie."

Nikasema tena.

Asubuhi yake nilikwenda dukani nikanunua sanduku la bati, la rangi ya kijani. Sikutaka mkokoteni. Nililibeba begani nikapita nalo katikati ya mtaa, na kila aliyeniuliza, na hata asiyeniuliza, nilimwambia: ni la shule.