Kitufe Ambacho Hakikuwepo

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya Kasense, na nyumba ya bibi ilionekana kama inaelea. Nilitoka mjini nikiwa na kompyuta aliyonitumia kaka yangu kutoka Dodoma, na karatasi za maelekezo niliyoyachapisha steshenari: namna ya kuweka programu ya kurekodi sauti. Nilitaka kumrekodi bibi akisimulia kwa Kifipa, maana alikuwa ameanza kusahau majina yetu.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, blanketi mabegani, rozari mkononi.

"Tayari, mjukuu wangu?"

"Bado kidogo, bibi."

Maelekezo yalisema nibonyeze kitufe cha Anza, chini kushoto. Chini kushoto hapakuwa na kitu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya milima ya samawati tu. Nikasoma upya, polepole. Nikafungua hiki, nikafunga kile. Nilikuwa kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba aliyowahi kuiota.

Bibi hakungoja. Akaanza kusimulia jinsi alivyoletwa kuolewa kutoka upande wa Namanyere: walivyotembea na shangazi zake, umande ulivyomganda miguuni, alivyolia njia nzima mpaka alipouona moshi wa jiko la mama mkwe wake. Maneno yake yalinifikia kwa mbali, macho yangu yakiwa bado kwenye ile milima.

Mwishowe nikampigia kaka.

"Kitufe cha Anza?" akashangaa. "Hiyo si Windows, mdogo wangu. Nimekuwekea mfumo mwingine, Linux. Maelekezo yako ni ya Windows."

"Mbona hayajasema popote?"

"Wengi hawasemi. Mtu anaandika akidhani kila mtu anatumia kama yake. Hebu tafuta neno 'rekoda' hapo juu. Programu nilishakuwekea."

Kweli, ilikuwepo. Nikawasha, nikamgeukia bibi.

"Haya bibi, anza."

"Nimemaliza," akasema.

Nilimwomba arudie. Akatikisa kichwa taratibu; safari ile ilikuwa imeshakwisha kwake. Nikainamia zile karatasi za maelekezo. Nadhani aliliona hilo, kwa sababu alinishika mkono, kisha akaanza kueleza jinsi ya kuchagua mbegu ya ulezi, masuke gani ya kuweka, masuke gani ya kusaga. Hilo nililirekodi.

Nilipompa asikilize sauti yake, aliinua uso. Akanyoosha mkono mpaka vidole vikagusa kompyuta.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu ni mama."

Sikumsahihisha. Nikamuuliza, "Anasemaje?"

"Anasema mbegu isilale kwenye unyevu."

Akaniomba nimwachie mama yake aseme tena. Nikabonyeza, na bibi akawa anaitikia kila sentensi, ee, ee, kama binti anayepokea maagizo kabla hajatumwa shambani.