Majani ya Ngoro

Juzi, kwenye ofisi ya kata, mama mmoja alimnyooshea kidole mfugaji mgeni. “Ng’ombe wako wamekula shamba langu!”

“Shikamoo, mama. Mbona niliona majani makavu tu?”

“Ndilo shamba lenyewe hilo!”

Huku Umatengoni tunalaza majani kwa mistari, halafu tunayafukia yawe matuta ya ngoro, yale mashimo yetu ya mteremkoni, tupande maharage.

Mtendaji akamwambia mfugaji ahame.

“Nihamie wapi, mkuu? Kila ninaposimama ni shamba la mtu.”

“Haendi popote,” mama akadakia. “Akiondoka, nani atanikatia majani mengine?”

Jana nilimkuta mfugaji mteremkoni na mundu, anakata, analaza. Ng’ombe wake walikuwa wamefungwa kando, wanamtazama kwa subira, wakidhani anawaandalia chakula.