Mguu Mmoja Nyuma ya Mstari

Fundi cherehani huyu watu walimwita Mama Pini, maana pini zilishinda midomoni mwake kutwa nzima. Jumamosi hiyo, siku ya jaribio lake la urefa, filimbi ilikaa pale pale pa pini. Kando ya uwanja wa mpira wa kikapu aliketi mkaguzi wa waamuzi. Neno lake ndilo lingempa, au kumnyima, nafasi ya kuchezesha ligi.

Kanuni iliyomkosesha usingizi ni ya mstari wa kati. Timu ikishauvuka, hairuhusiwi kurudisha mpira nyuma. Lakini anayedunda mpira hajavuka mpaka miguu yote miwili na mpira viwe mbele. Jana yake mumewe alimfanyisha mazoezi, akasimama mlangoni na kabichi mkononi badala ya mpira, mguu huku, mguu kule.

“Nimeingia, sijaingia?”

“Hujaingia.”

“Basi chakula niletee hapa hapa. Na hiyo filimbi itoe mdomoni, mke wangu. Pini hazilii.”

Mechi ilikuwa ukingoni, wageni wakiongoza kwa pointi moja, nahodha wa wenyeji alipoufikia mstari. Mguu wa kulia mbele, mpira mbele, wa kushoto ungali nyuma. Beki akamrukia. Nahodha akauvuta mpira nyuma.

“Karudi! Karudi! Refa, umelala?” mashabiki wa wageni wakalipuka.

Mama Pini alishtuka, akahema. Filimbi ikalia.

Wote wakamtazama. Akiwapa wageni mpira, mechi imekwisha, na huenda mkaguzi hakuuona mguu ule.

“Nimekosea,” alisema. “Hakuwa amevuka. Mpira ni wa wenyeji.”

“Refa gani huyu anameza matapishi yake?” kocha wa wageni alifoka. “Mama, rudi kwenye cherehani!”

Wenyeji wakafunga, mechi ikaisha. Mama Pini hakusikia shangwe. Alisikia hatua za mkaguzi tu, zikimjia.

“Mguu wa kushoto ulikuwa wapi?”

“Nyuma, mzee.”

“Na filimbi?”

“Mdomoni. Nilihema tu.”

Mkaguzi hakucheka. “Kanuni unayo. Pumzi bado. Njoo Jumamosi ijayo nikutazame tena.”

Nyumbani alisimama kizingitini, hatua hajaimaliza.

“Vipi, umeingia?” mumewe aliuliza.

Akaitazama miguu yake. “Mmoja.”

“Basi hakuna wa kusema umerudi nyuma.”