Blanketi la Mwanambuzi

Mwaka wa sitini na moja, nikiwa na miaka tisa, Mto Tana ulivunja kingo zake kule Balambala ukaondoka na mbuzi wetu wote. Harufu ya yale matope na mizoga bado iko puani mwangu. Tulikimbilia mahali palipoinuka, mama, mimi, na ndugu yangu Abdi wa kunyonya. Njaa ilimkausha mama maziwa. Abdi alilia mpaka sauti ikamwisha, akawa anafungua mdomo tu, kama kinda la ndege.

Msaada ulikuja kwa mashua: mahindi ya njano, na blanketi moja kwa kila nyumba. Waliotoa ni watu wa mbali tusiowajua, Mungu awalipe. Lakini mtoto asiye na meno utamtafunisha mahindi? Siku hiyohiyo shangazi yangu, Eddo Halima, alitufikia kutoka nyika ya juu akivuta mbuzi wa maziwa. Kwetu, aliyebaki na mifugo humpa aliyepoteza mnyama wa kukama. Maziwa yakikauka, mnyama hurudi kwa mwenyewe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kifuani Eddo alikuwa amembeba mwanambuzi aliyenyeshewa njiani, anatetemeka, macho amefumba. Na mfugaji yeyote anajua: mtoto akifa, mbuzi huyazuia maziwa.

Mama alichukua lile blanketi. Nikanyoosha mikono. Akamviringishia mwanambuzi.

"Hooyo, na mimi je?" nikamuuliza mama.

"Wewe una mimi. Njoo hapa."

Mgawaji wa misaada akapiga kelele: "We mama! Watu wamechanga mpate kujifunika, wewe unamvika mbuzi?"

"Basi mvike koti lako," Eddo akamjibu, "blanketi tulale nalo sisi." Watu wakacheka, hata yeye mwenyewe.

Asubuhi mwanambuzi alisimama, akakisukuma kiwele kwa pua. Maziwa yakashuka. Mama akakama kidogo, akamdondoshea Abdi kwa kidole. Nikamsikia akimeza.

Siku hizi malori huja upesi, na pesa za simu hufika kabla matope hayajakauka. Ni vizuri. Ila wanaotoa wangeuliza kwanza. Mimi shule niliionja tu, lakini nina nyumba ya mawe pale mtaa wa Iftin, mjini, duka la vyombo, tangi la maji, na mbuzi. Wale wa maziwa nimewapeleka kwa watu waliopigwa na mafuriko ya juzi. Kwangu chai tunakunywa strungi, bila maziwa.